Kubuni Pango Lililofurika Maji kwa Mchezo wa Kuigiza wa Mezani: Mwongozo Kamili

Katika mchezo wa kuigiza wa mezani, kila mchezaji huongoza mhusika mmoja wa hadithi, msimamizi wa mchezo husimulia mahali walipo na yanayowakuta, na dadu huamua yenye mashaka. Mapango mengi yaliyofurika yanayofika mezani ni mapango makavu yaliyomwagiwa maji baadaye. Vyumba ni vilevile, korido ni zilezile, na msimamizi wa mchezo anatangaza kwamba maji yanawafika wahusika magotini. Raundi tatu zikipita, hakuna anayeyakumbuka tena. Pango la namna hiyo nimelichezesha mwenyewe. Nilikuwa nimelichora kwa siku mbili, vyumba tisa, kila kimoja na siri yake, kisha mchezaji mmoja akaniuliza: "Chumba cha mbele kiko juu yetu au chini yetu?" Sikuwa na jibu. Ramani yangu nilikuwa nimeichora kama ndege anavyoliona pango akipita juu yake, na maji hayana habari na ramani ya aina hiyo. Yenyewe yanatafuta bonde tu.

Tangu siku hiyo naanza na mchoro wa ubavuni. Kina kwanza, vyumba baadaye. Mwongozo huu unafuata njia hiyo, na nitautumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: Pango la Ngoma Kuu, kaburi la wapiga ngoma wa ufalme uliosahaulika, lililojaa maji karne kadhaa baada ya wa mwisho wao kuzikwa.

Hatua ya 1: Amua maji yametoka wapi

Usiruke hatua hii hata kama wachezaji hawatauliza. Chanzo cha maji ndicho kinachoamua mwendo wa mchezo mzima.

Maji ya bahari yana saa yake. Kutoka kupwa hadi kujaa ni takriban saa 6 na dakika 12, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, yanapanda zaidi na kushuka zaidi kuliko kawaida. Kundi linaweza kukaa nje, likahesabu, likapanga. Hapo unapata hadithi ya muda: mlango wa kaburi unaonekana wakati wa bamvua tu, na leo ndiyo leo.

Maji ya mvua ni ya ghafla. Mwaka 2018 nchini Thailand, vijana 12 na kocha wao waliingia pango la Tham Luang tarehe 23 Juni, mvua ikanyesha, njia ikajaa nyuma yao. Walipatikana tarehe 2 Julai, takriban kilomita 4 kutoka mlangoni, na wa mwisho kutolewa alitoka tarehe 10 Julai. Nakitaja kisa hiki kwa heshima, kwa kuwa kinafundisha jambo ambalo mazimwi hayafundishi: mtu anaweza kuwa mzima, mkavu, ameketi juu ya mwamba, na bado awe amefungiwa.

Mto wa chini ya ardhi unavuta upande mmoja siku zote. Kuingia ni rahisi na kutoka ni kazi, au kinyume chake, na wewe ndiye unayechagua. Kuna pia maji ya zamani. Miaka takriban 20,000 iliyopita, zama za barafu zilipofikia kilele, usawa wa bahari ulikuwa chini kwa zaidi ya mita 100 kuliko leo. Mapango ya pwani yaliyokuwa makavu wakati huo sasa yamezama, pamoja na mifupa na mabaki yaliyomo. Ukitaka mahali penye historia ndefu, chanzo hiki kinatosha.

Chagua kimoja. Viwili ukizidi sana. Kwa Ngoma Kuu nimechagua mto wa chini ya ardhi unaovimba mvua ikinyesha milimani.

Hatua ya 2: Chora pango kwa ubavu

Geuza karatasi ilale kwa upana. Juu kushoto weka mlango, uuite sifuri, na kila kimo kihesabu kwa mita chini ya mlango. Chora sakafu na dari ya kila chumba kana kwamba umelipasua pango katikati kwa kisu. Kisha chukua rula, piga mstari mmoja ulionyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Huo ndio uso wa maji. Kila kilicho chini ya mstari kimezama, kila kilicho juu kina hewa. Maji yaliyounganishwa na yasiyokwenda kasi hukaa usawa mmoja kila mahali, hata kama vyumba viko mbali.

Isipokuwa sehemu moja, nayo ndiyo tamu kuliko zote: pale hewa ilipokosa pa kutokea. Pindua glasi uizamishe kwenye beseni, utaona maji hayaingii mpaka juu. Chumba chenye dari iliyozibika, ambacho mlango wake uko chini, kinafanya vivyo hivyo.

Haya ndiyo mapimo ya pango letu. Mstari wa maji uko mita 7 chini ya mlango. Ukumbi wa Maombolezo una sakafu mita 8, kwa hiyo maji humo ni ya kina cha mita moja. Kutoka ukumbini, njia inazama hadi mita 12, kisha inapanda hadi Chumba cha Wapigaji chenye sakafu mita 6, yaani kikavu. Kutoka hapo njia ya pili inazama tena na kuingilia Kaburi. Kaburi lina sakafu mita 11 na kuba iliyopanda hadi mita 5, lakini ukingo wa juu wa mlango wake uko mita 10. Hewa iliyokuwa humo ilinaswa maji yalipopanda. Hewa hiyo imebanwa kidogo, kwa hiyo ndani ya Kaburi maji yanakomea karibu mita 9, chini ya mstari wa nje kwa karibu mita 2, na Ngoma Kuu imekaa juu ya jiwe, kavu, kama siku ilipowekwa.

Sasa weka ufa juu kabisa ya kuba, uliozibwa kwa nta na vipande vya mawe. Mchezaji atauona na kudhani ni njia ya kutokea. Akichokonoa nta, atasikia hewa ikifoka kwa mluzi mkali, na maji yataanza kupanda miguuni mwake, yasitulie mpaka yafike mita 7. Mtego huu hauna mshale wala sumu. Ni maji yanayotafuta usawa wake, na mchezaji makini aliyeshangaa kuona maji ya humu yako chini kuliko ya nje alikuwa na nafasi ya kuugundua kabla.

Jambo dogo lenye faida kubwa: stalaktiti, yaani miiba ya mawe inayoning'inia darini, huundwa hewani tu, tone kwa tone. Ukizichora zikining'inia chini ya maji, umewaambia wachezaji bila kusema neno kwamba hapa palikuwa pakavu. Zikate baadhi kwa shoka, na umewaambia pia kwamba palikuwa na watu.

Hatua ya 3: Pima kina kwa mwili wa mtu

Mezani, "mita 1.4" haisemi kitu. Sema kifundo, goti, kiuno, shingo, kisha kuzama. Ngazi tano, na kila moja na athari yake ya kanuni.

Maji ya kifundo hayamzuii mtu kwenda, ila hakuna tena kunyata, kila hatua inasikika. Magotini mwendo unapungua na kukimbia kunakuwa jambo la kurusha dadu. Kiunoni sakafu haionekani, kwa hiyo mashimo na mitego ya chini inakuwa hatari upya, na mhusika mfupi tayari anaogelea wakati wenzake wanatembea. Msisahau huyu mfupi. Mara nyingi ndiye anayebebwa mabegani, na tukio zuri kuliko yote ya usiku huo hutokea hapo. Maji yakifika shingoni mikono yote iko juu, imebeba mienge, vitabu na unga wa dawa, na hakuna anayeweza kupiga pigo la maana.

Ngazi ya kuzama ina kanuni zake katika mifumo mingi. Katika toleo la 2014 la mchezo wa Dungeons & Dragons, asiye na uwezo wa kuogelea, wa asili au wa uchawi, akipigana kwa silaha ya mkononi hurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo, isipokuwa akitumia jambia, upanga mfupi, mkuki au mkuki wa ncha tatu. Aliyezama kabisa hupata nusu tu ya madhara ya moto. Waambie wachezaji mapema, kabla hawajafunga mizigo, ili yule mwenye shoka kubwa apate nafasi ya kuulizia mkuki sokoni.

Hatua ya 4: Hesabu pumzi, kisha ndipo upime njia

Hapa ndipo mapango mengi yanapoharibika, na kosa huwa la hesabu. Katika toleo hilohilo, mhusika hubana pumzi kwa dakika 1 pamoja na dakika za ziada kulingana na uimara wa mwili wake. Raundi moja ni sekunde 6, hivyo dakika moja ni raundi 10. Pambano la kawaida huisha kabla ya raundi 6. Maana yake ni kwamba ukiwazamisha katika vita na kusubiri wakose hewa, utasubiri bure. Pumzi hubana katika safari, vitani haina makali.

Basi pima safari. Mhusika wa mwendo wa futi 30 huogelea futi 15 kwa raundi, karibu mita 4.5. Mwenye pumzi ya raundi 10 atafika mita 45 bila kuharakisha. Wapiga mbizi wa mapangoni wana kanuni ya theluthi: theluthi ya hewa ya kwendea, theluthi ya kurudia, theluthi ya dharura. Ichukue kama ilivyo. Njia ya kwanza iliyozama iwe ndani ya theluthi ya mhusika dhaifu kuliko wote, yaani mita 15. Ataweza kuchungulia upande wa pili, akaogopa, akarudi. Hiyo ndiyo njia kati ya Ukumbi na Chumba cha Wapigaji.

Njia ya pili iwe mita 30. Aliyefika mita 23 hana tena pumzi ya kurudi. Maji ameyavulia nguo, hana budi kuyaoga. Lakini usimpeleke kipofu. Mpe sababu ya kuamini kwamba mbele kuna hewa, na katika pango letu sababu hiyo ni ngoma. Wakiweka sikio kwenye mwamba wa Chumba cha Wapigaji wanaisikia: du, kimya kirefu, du. Ngozi ya ngoma ikilowa haitoi mlio, inatoa kishindo kizito kama cha gunia. Hii inalia safi. Mchezaji atakayesema kwa sauti, "Kama inalia, basi ni kavu, na kama ni kavu, kuna hewa," mpe pongezi mbele ya wote. Hilo ndilo fumbo zima la pango hili, nami sijawahi kupata raha kubwa kuliko kuona mtu akilifumbua mwenyewe.

Kwa pambano la ndani ya maji, ongeza gharama. Mpe kila mchezaji vifungo au kokoto kumi mbele yake, moja kwa kila raundi. Kuogelea kwa kasi, kupigana, au kupigwa kunachukua kokoto moja ya ziada. Mkono wa mtu ukisukuma kokoto ya mwisho mezani, huhitaji kueleza hofu.

Wachezaji wajanja watataka kubeba hewa kwenye chungu kilichopinduliwa. Waruhusu, na ujue fizikia yake. Chungu cha lita 20 za hewa kinasukumwa juu kwa nguvu ya karibu kilo 20, kwa hiyo kinahitaji mawe ya kukizamisha. Kikifika mita 10 chini ya uso wa maji, hewa imebanwa hadi nusu ya ujazo wake. Kinampa mtu nafasi ya kuvuta pumzi mara kadhaa tu, kwa kuwa kila anayopumua inarudi ikiwa na kabonidayoksaidi karibu asilimia 4. Katika kanuni zako sema hivi: chungu kimoja kinarudisha kokoto tano kwa mtu mmoja, basi.

Mifuko ya hewa nayo huchoka. Kule Tham Luang oksijeni ilishuka hadi karibu asilimia 15, wakati hewa ya kawaida ina 21. Kundi likilala ndani ya Kaburi, waamke na kichwa kinachouma na pumzi za haraka. Wataelewa.

Hatua ya 5: Yapandishe na kuyashusha maji

Chukua karatasi tatu nyembamba zinazopitisha mwanga, uziweke juu ya mchoro wa ubavu, na kwenye kila moja piga mstari wa maji tofauti: ya chini, ya kawaida, ya juu. Kanuni yangu hapa ni kali: kila mstari lazima ufungue kitu na ufunge kitu. Kama maji kushuka ni faida tupu, wachezaji watayashusha na pango litakuwa kavu kama mengine.

Katika Ngoma Kuu, maji yakishuka hadi mita 9, Ukumbi unakauka na mlango mdogo wa sakafuni unaonekana, lakini mashua waliyoingia nayo inakaa kwenye tope. Yakipanda hadi mita 4, Chumba cha Wapigaji kinazama, ila kundi linaweza kuelea hadi kwenye roshani ya mawe isiyofikika kwa kupanda. Lango la kuyaongoza maji ni la jiwe, linazungushwa na watu wawili, na linapiga kelele ambayo kila kiumbe pangoni anaisikia.

Kama hujawahi kubuni pango la maji, anza na mistari miwili tu.

Hatua ya 6: Giza, tope na sauti

Mwenge haufiki chini ya maji. Taa ya uchawi inafika, lakini teke moja la mguu sakafuni huinua tope jembamba, na mwanga unageuka ukuta wa maziwa. Tope hilo hukaa muda mrefu baada ya mtu kupita. Kwa hiyo kamba ndiyo hazina ya kwanza ya kundi: aliyeishika anarudi hata akiwa haoni. Na adui mwerevu ataikata kamba kabla ya kugusa mtu yeyote.

Sauti husafiri majini kwa takriban mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Masikio yetu hayawezi kutambua vizuri inatoka upande gani. Unaposimulia, usiseme "mnasikia mkwaruzo kushoto". Sema "mnasikia mkwaruzo", na wakikuuliza wapi, jibu "kila mahali".

Kama pango lako linakutana na bahari, maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi, na pale yanapogusana macho huona ukungu unaotetemeka, kama unatazama kupitia mafuta. Ni pazia la uchawi lisilohitaji uchawi.

Hatua ya 7: Viumbe wachache, wenye sababu

Pango halina jua, basi halina mimea. Karibu chakula chote kinatoka nje: kinyesi cha popo, majani na mizoga inayoletwa na mafuriko. Kwa hiyo viumbe ni wachache, wavumilivu, na wengi hawana macho. Proteus anguinus, mnyama wa jamii ya salamanda anayeishi katika mapango ya Slovenia na Kroatia, ni mfano mzuri: mweupe kama ngozi ya binadamu aliyekaa sana majini, kipofu, mwenye matamvua nje ya shingo, na anaweza kukaa muda mrefu ajabu bila kula. Mkuze afikie urefu wa mashua na tayari una zimwi. Halioni taa zenu, linanusa damu. Mhusika aliyejeruhiwa ndiye anayeandamwa, hata akijificha gizani.

Ukipenda roho badala ya mnyama, chunusi, yule roho wa majini, anafaa sana. Lakini asishindane kwa pigo. Amshike mguu mmoja, akae kimya, aache kokoto ziishe. Kiumbe wa majini anayechukua hewa, mwanga au kamba anatisha kuliko anayechukua pointi za uhai.

Hatua ya 8: Uchawi wa kupumua majini

Katika Dungeons & Dragons uchawi huu hupatikana kuanzia ngazi ya 5 ya mhusika. Unafunika viumbe hadi 10 kwa saa 24, na unaweza kufanywa kama tambiko bila kutumia nguvu ya siku. Wasimamizi wengi huupiga marufuku. Mimi napinga kabisa. Mchezaji aliyeuchagua amekuambia anataka kuwa shujaa wa siku hii, usimnyang'anye.

Kwa kundi la ngazi ya 1 hadi 4, fuata Hatua ya 4 kama ilivyo. Kwa kundi la juu, hamisha hatari: mkondo unaowasukuma mita 9 kila raundi, tope, mwendo wa nusu, hati za ngozi zisizopaswa kulowa, na ngoma yenyewe. Wanaweza kupumua, lakini Ngoma Kuu haiwezi kuvuka mita 30 za maji na kubaki hai. Wataipitishaje? Kuyashusha maji yote, kuifunga kwa nta waliyoibandua kwenye ufa, kuitoboa kuba na kukubali mafuriko? Usiandae jibu. Andaa mapimo sahihi, na jibu lao lolote utaweza kulipima.

Kabla hamjakaa mezani

Waulize wachezaji, mmoja mmoja na faraghani, kama kuzama au kubanwa mahali pembamba kunawasumbua. Wapo waliowahi kukaribia kuzama kweli. Akikuambia ndiyo, zipanue njia, ongeza kokoto, na umpe alama ya mkono ya kusimamisha tukio bila kutoa maelezo.

Kisha fanya jaribio la kidole. Weka kidole mlangoni pa mchoro, chini ya kila karatasi kati ya zile tatu, na ukipitishe hadi Kaburini na kurudi, ukihesabu raundi kwa sauti. Kidole kikikwama kwenye mstari mmoja, ni sawa, hilo ni fumbo. Kikikwama kwenye yote mitatu, chukua kifutio, fungua ufa mahali fulani, na uhesabu upya.